Sherman, ndoo au kamera: kuhesabu panya pori kwenye nyika ya Mkomazi

Mwananyika: Wakuu, habari za leo. Vibali vya COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia) na TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori) vimetoka, mwezi ujao naingia kwenye vichaka vya migunga hifadhi ya Mkomazi kuhesabu panya pori. Fedha inatosha aina moja ya vifaa: mitego ya Sherman, ndoo za kufukia ardhini, au kamera za kujipiga zenyewe. Mngechukua ipi?

BintiUpare: Sherman, mkuu, kale kasanduku ka alumini kanakojifunga panya akikanyaga kibao ndani. Unamshika mnyama akiwa hai, unapima uzito, unaangalia jinsia, unamtia alama na kumwachia palepale. Makadirio ya idadi yanatokana na wale watakaonaswa tena. Tega 100, safu 10 kwa 10, mita 10 kati ya mtego na mtego, chambo siagi ya karanga na pumba za mahindi. Ila jua likipanda, lile sanduku la alumini ni tanuri. Msimu wangu wa kwanza nilifika mstari wa mwisho saa tatu asubuhi, nikakuta panya wawili wamekufa, vifua vimelowa mate. Mpaka leo linaniuma. Sasa natega jioni, nakagua alfajiri, na mchana kutwa milango imefungwa.

Mchimbaji_Same: Usizidharau ndoo, zilizofukiwa hadi mdomo ulingane na ardhi. Kirukanjia, kale kanyama ka pua ndefu kama panya, wa gramu chache hupita juu ya kibao cha Sherman kisifyatuke, lakini kwenye ndoo anatumbukia. Toboa matundu chini ili mvua isiwazamishe, tupia majani makavu wajifiche. Tatizo ni ardhi ya huko, ngumu kama saruji, na panya wenye miguu mirefu huruka wakatoka.

Jicho la Usiku: Kamera ni nzuri kwa sengi, wale wanyama wadogo wenye pua ndefu kama mkonga, maana hutembea mchana. Kwa panya wanaofanana, picha ya usiku haikupi jina la spishi.

BintiUpare: Nimesahau panya miiba, yule mwenye manyoya magumu mgongoni. Usimbane wala kumvuta mkia! Ngozi yake huchanika vidoleni mwako kama karatasi iliyolowa. Utafiti wa Kenya uliochapishwa 2012 ulionyesha huota upya pamoja na manyoya, lakini hiyo si ruhusa ya kumjeruhi. Mmwagie kwenye mfuko wa kitambaa, umshike kwa nje.

Mwananyika: Nachukua Sherman, dada, na ndoo chache za kuazima. Sisimizi je? Nasikia wanamaliza chambo.

Mchimbaji_Same: Ukiona njia yao, sogeza mtego hatua mbili tatu. Humshambulia hata panya aliyenaswa, kwa hiyo ukaguzi wa alfajiri usichelewe.