Madoa meusi pembezoni mwa dari ya jipsamu: je, utepe wa sponji utafaa?

Mwenye nyumba, Malindi
Assalaam aleikum ndugu zangu. Ninakarabati nyumba yangu, na vyumba viwili vya kulala nimevitilia kiyoyozi. Chumba cha kwanza kimekwisha kufungwa dari ya jipsamu chini ya paa la mabati, na tangu kusi ilipoanza kuvuma, madoa ya ukungu yamejitokeza pale dari inapokutana na ukuta na kuzunguka taa zilizozamishwa, ilhali katikati bodi ni nyeupe kama siku ya kwanza. Paa halivuji, nimepanda mwenyewe kulikagua. Fundi wangu anashauri tupake rangi upya. Nimesoma kwamba huko Kanada na Marekani hubandikwa utepe wa sponji kwenye fremu kabla ya kufunga bodi, ili hewa isipenye. Je, hilo lina maana katika joto letu, au ni dawa ya baridi yao tu?

Fundi wa dari, Malindi
Wa aleikum salaam. Rangi itayaficha madoa, kisha yatarudi. Bodi iliyotiwa filla kwenye maungio na kupakwa rangi haipitishi hewa. Hewa hupita kingoni na kwenye matundu ya taa, ndiyo maana katikati ni safi. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80 hutoa umande ikigusa kitu chenye nyuzi 26 hivi, na nadhani kiyoyozi chako umekiweka chini ya hapo, kwa hiyo hewa ya juu ya dari ikipenya hadi kwenye ukingo uliopoa hutoka jasho kama gilasi ya maji ya barafu. Kwao, wakati wa baridi, unyevu hutoka ndani ya nyumba kwenda nje. Kwetu unaingia, lakini njia ni zile zile.

Katika chumba cha pili, bandika utepe mara mbili: kati ya chaneli ya fremu na ukuta, halafu kati ya chaneli na bodi, bila kuacha mwanya kwenye pembe, na skrubu zikaze mpaka sponji ibonyee. Usikubali kuuziwa sponji ya godoro. Tia kipande majini ukikamue. Kikitoa maji, hewa nayo itapita.

Msomaji, Shela, Lamu
Naongeza mawili. Kuta zetu za mawe ya matumbawe na chokaa hazinyooki, na sponji nyembamba haifiki penye mashimo; hapo silikoni ni bora. La pili ni kwamba asije mtu akakushauri kutandika nailoni upande wa ndani wa bodi au kubandika karatasi ya plastiki ukutani, kwa kuwa unyevu unaotoka nje utanaswa nyuma yake na kuozesha jipsamu. Na chumba kisicho na kiyoyozi kiacheni kipumue. Sioni sababu ya kukiziba.

Mwenye nyumba, Malindi
Nawashukuru. Je, chumba cha kwanza nibomoe?

Fundi wa dari, Malindi
La, isipokuwa pale bodi ilipolainika. Safisha ukungu, kwangua filla ya ukingoni, ujaze silikoni inayopakika rangi, na taa za kuzamisha uzibadilishe kwa zile zinazofungwa kwenye uso wa bodi, upande wa chumbani. Kabla ya hayo, funga madirisha yote ila moja, uweke hapo feni inayovuta hewa kwenda nje, kisha upitishe kijiti cha udi kingoni. Moshi ukiyumba, hapo pana tundu.

Mwenye nyumba, Malindi
Nimefanya jana usiku. Kwenye taa moshi uliyumba kama tulivyotazamia, lakini uliyumba zaidi mbele ya swichi iliyo karibu na mlango, mahali ambapo hapana dari wala doa.

Fundi wa dari, Malindi
Bomba la nyaya za swichi hiyo linapanda ndani ya ukuta hadi juu ya dari, na mdomo wake uko wazi. Zima umeme, panda juu, uuzibe kwa silikoni.