Naombeni ushauri: mdahalo wa silaha za urani iliyofifishwa

Habarini ndugu zangu, wakubwa shikamooni. Mi ni mwalimu wa sekondari huku Masasi, Ijumaa wanafunzi wangu wana mdahalo, wanatetea hoja kwamba silaha za urani iliyofifishwa (yaani risasi za ile metali nzito inayobaki baada ya urani kutolewa sehemu kubwa ya kile kinachotumika kwenye nyuklia) zipigwe marufuku duniani kote, na mwenyewe naiamini kabisa. Nimewaeleza kwa mfano wa salfa ya mikorosho, maana ukipuliza shamba lako asubuhi jioni vumbi unalikuta kwenye kanga za jirani zilizoanikwa, sasa na hiyo risasi ikigonga kifaru inawaka inatoa vumbi laini lenye sumu ya kuumiza figo, na wa kulivuta ni mtoto anayechezea kile chuma chakavu wakati askari keshaondoka zamani. Iraki 1991 ilitumika kama tani 300, Kosovo nako 1999. Ubelgiji walishapitisha sheria ya kuzikataza 2007.

Tulipokwama ni hapa, upande wa pili wanasema mionzi yake iko chini kwa karibu asilimia 40 kuliko urani ya asili, na hilo ni kweli. Nimewaambia vijana wangu wasing'ang'anie saratani, washike hiyo sumu na vumbi, ila binti mmoja akaniuliza, "Mwalimu, kama madhara yote hayajathibitishwa, tunakatazaje?" Jibu nililompa hata mi halikuniridhisha.

Nyie mngemjibu vipi? Na kuna anayejua udongo ulioingia vumbi hilo unasafishwaje, anielezee kwa lugha ya mtoto wa kidato cha pili?