Rav4 Miss Tanzania inanguruma nyuma ikifika 60, fundi anasema ninunue difu

babaJunia_Kimara:
Habari za jioni wakuu, naombeni msaada kabla sijaingia hasara. Nina Rav4 ya 2007, ile wanaiita Miss Tanzania, ACA31 ya 4WD (injini inazungusha tairi zote nne), nimeinunua mkononi kwa mtu hapahapa Dar mwaka huu. Gari ni nzima na mafuta inakula kawaida, ila kuna mngurumo unatokea nyuma, ukiwa mjini kwenye foleni huusikii kabisa, ukifika 50 unaanza kwa mbali na ukifika 80 unakuwa uuuuuu kama ndege inajiandaa kupaa, mpaka redio lazima uongeze sauti. Mke wangu akikaa siti ya nyuma anasema inatokea kushoto, mimi nikiwa kwenye usukani nasikia kama iko katikati. Usukani hautetemeki, gari haivuti upande, taa ya ABS haijawaka.

Nimepeleka gereji, fundi akazunguka nayo mtaa mmoja tu akarudi akasema difu (lile boksi la gia katikati ya tairi za nyuma) imekwisha, nitafute difu yuzdi, yaani iliyotumika, ya kutoka Japani. Ni hela nyingi kwangu na mwezi ujao natakiwa kusafiri na familia kwenda Iringa. Kuna aliyekutana na hii? Inaweza kuwa difu kweli?

Mzee_wa_Spana:
Mkuu usinunue difu. Simaanishi fundi wako ni muongo, inawezekana ikawa difu, ila kwa kuzunguka mtaa mmoja hakuna mtu anaweza kujua, mngurumo wa nyuma unaletwa na vitu vingi na sauti inasafiri kwenye bodi ndio maana wewe unasikia katikati na shemeji anasikia kushoto.

Nijibu hili kwanza. Ukiwa 80 ukiachia mafuta gari ikawa inaserereka yenyewe, sauti inabadilika au inabaki vilevile? Difu ikiwa imelika meno mara nyingi inaimba, mlio mwembamba, na unabadilika pale unapokanyaga na pale unapoachia. Beringi ya tairi, ile yenye vidonge vya chuma inayofanya tairi izunguke laini, haijali mafuta, inafuata spidi ya gari tu. Kisha barabara ikiwa nyeupe mbele na nyuma weka N sekunde chache, injini ishuke kwenye sailensa (mzunguko wa chini kabisa), mngurumo ukiendelea vilevile basi injini haihusiki. Usizime gari wakati inatembea tafadhali, usukani na breki vitakuwa vizito.

Kaka_wa_Likoni:
Salaam kutoka Mombasa. Ndugu yangu kabla hujafungua nati hata moja tazama matairi. Inama, pitisha kiganja juu ya tairi ya nyuma, upande wa ndani ule usioonekana ukisimama, pitisha mbele halafu rudisha nyuma. Ukihisi vijiti vijiti vya mpira vinakukwaruza upande mmoja na ukirudi ni laini, hiyo tairi imelika meno ya msumeno, na itanguruma vilevile kama beringi, watu wengi sana wamebadilisha beringi nzima kabisa kumbe ni tairi. Chanzo huwa alaimenti (mkao wa tairi) ya nyuma, bushi au shokapu zilizokufa.

Angalia na umri. Ubavuni pameandikwa DOT na mwisho wake kuna tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka, ikiwa 3514 ni wiki ya 35 ya mwaka 2014. Gari likikaa yadi muda mrefu bila kusogezwa tairi pia hukaa na bapa pale chini.

Namna rahisi ya kumaliza ubishi ni kuhamisha za nyuma zije mbele na za mbele ziende nyuma, ukajaribu barabara ileile kwa mwendo uleule. Mngurumo ukihamia mbele ushapata jibu, na hujalipa kitu ila jasho. Lami nayo inakwambia, tairi hubadilisha sauti ukitoka lami ya kokoto kuingia lami laini, beringi yaimba uleule popote.

FundiDaudi_Moro:
Wamesema vizuri hapo juu, mimi naongezea upande wa beringi maana kwa maelezo yako huko ndiko kunakonuka zaidi.

Ukiwa 60 mpaka 70 sehemu iliyo wazi na haina gari karibu, pindisha usukani taratibu kulia kisha kushoto, usifanye kwa fujo, gari ihame uzito tu. Ukikata kulia uzito unaenda kushoto, kwahiyo mngurumo ukipanda ukikata kulia na kupungua ukikata kushoto, beringi ya kushoto ndio mgonjwa. Hiki kipimo nakiamini kuliko kutikisa tairi. Mafundi wengi wanapiga jeki, wanashika tairi juu na chini wanatikisa, isipocheza wanasema beringi nzima. Si kweli. Hizi beringi za siku hizi zinazokuja pamoja na habu (kile kitovu tairi inapofungwa) zinaweza kunguruma miezi bila kucheza hata kidogo, zikianza kucheza ujue zimeshafika mbali.

Ukishapiga jeki weka stendi, usiingie na jeki peke yake, magurudumu ya mbele yawekee mawe. Nyanyua tairi zote mbili za nyuma, gia N, hendibreki chini, mwenzako azungushe tairi kwa mkono taratibu na wewe shika springi au ule mkono wa chuma ulio karibu na habu. Beringi nzima unahisi kimya. Iliyokufa unahisi kwenye vidole kama kuna mchanga ndani unasagika. Fanya kulia na kushoto ulinganishe, bila kulinganisha vidole vinadanganya. Ukisikia kikwaruzo cha chuma kwa chuma kinakuja na kupotea kila mzunguko hiyo mara nyingi ni viatu vya hendibreki au kile kisahani cha vumbi nyuma ya diski kimepinda, si beringi.

Na tafadhali fundi asinyanyue tairi moja tu halafu aingize D akanyage mafuta, hii ni 4WD, inaweza kuruka kwenye jeki.

Difu pia iangalie ukiwa hapohapo chini. Fungua kwanza nati ya kujazia ndio ufungue ya kumwagia, maana ukimwaga halafu ya juu ikagoma huna pa kujazia. Ile ya chini ina sumaku, ungaunga mweusi kama grisi ni kawaida kwa gari la umri huo, vipande vya chuma vinavyong'aa unavyoweza kuokota kwa kucha ndio habari mbaya.

mama_Tegeta2:
Naomba kuuliza tu, kwani ekzosi haiwezi kunguruma hivyo? Yangu raba ya kushikilia mafla ilikatika ikawa inanguruma vibaya.

Mzee_wa_Spana:
Inaweza dada, ila ya ekzosi utaisikia hata gari limesimama ukipandisha mzunguko wa injini. Ya huyu jamaa haipo mpaka atembee. Kwa 4WD hii kuna na propela shafti, lile bomba refu linalopeleka nguvu kwenye difu ya nyuma, ile beringi yake ya katikati ikichakaa sauti inakuja chini ya siti na mara nyingi na mtetemo kwenye sakafu, yeye hajataja mtetemo.

babaJunia_Kimara:
Wakuu Mungu awabariki. Leo asubuhi nimetoka mapema nikaenda ile njia nane ya Kimara kwenda Kibaha, kuachia mafuta hakubadilishi kitu, kuweka N hakubadilishi kitu. Nikikata kulia unapanda kabisa, nikikata kushoto unakaribia kuisha, mke wangu kasikia pia. Tairi nimepitisha mkono ziko sawa, DOT inasoma 2022. Mchana tumepiga jeki na fundi mwingine, ya kushoto nimeshika springi nikahisi ule mchanga wazi kabisa, ya kulia kimya. Oili ya difu ilikuwa nyeusi, sumaku ina unga tu, tumeweka mpya. Nibadilishe moja au zote mbili? Na naweza kusafiri nayo Iringa kwanza?

FundiDaudi_Moro:
Safari hapana. Beringi ikinguruma hivyo inatoa joto, na Dar mpaka Iringa una mzigo, una familia, una mlima wa Kitonga. Badilisha ndio uende.

Moja inatosha mkuu, ya kulia kama iko kimya iache, hiyo hela weka kwenye kitu kizuri. Usichukue yuzdi hata kama muuzaji ataizungusha mkononi ukaona nzuri, bila uzito wa gari beringi hailii. Gerezani kwenye maduka ya spea utapata mpya, uliza NSK, NTN au Koyo na ukague boksi vizuri kwa sababu feki zipo nyingi, beba na ya zamani ulinganishe matundu ya bolti, meno ya shafti inayozungusha tairi na plagi ya sensa ya ABS maana ya 2WD ni tofauti na ya 4WD.

Siku ya kufunga simama hapohapo. Habu mpya haigongwi na nyundo, ukiigonga vidonge vinaacha alama ndani na mngurumo utarudi haraka. Pale inapokaa pasuguliwe kutu mpaka chuma kionekane. Nati ya shafti iwe mpya na ikazwe kwa spana ya kipimo, si kwa kuning'inia na bomba, na gari lisishushwe wala kusukumwa kabla nati hiyo haijakazwa.

Kaka_wa_Likoni:
Na akimaliza umwambie apime alaimenti ya nyuma pia, si ya mbele peke yake, hayo matairi ya 2022 bado yana maisha.

babaJunia_Kimara:
Sawa wakuu, Jumamosi naenda Gerezani na ile ya zamani mkononi.