Mama mkwe akisema "hongera", nitajuaje kama ananisifu?

Mkwe_wa_Pangani
Shikamooni wakubwa. Mimi ni mtu wa Songea, nimeolewa Pangani, huu mwaka wa pili. Nyumbani kwetu ukikosea unaambiwa umekosea. Wiki iliyopita nilipika wali wa nazi, tui likazidi, ukawa bokoboko. Mama mkwe akafinya tonge, likamganda vidoleni, akasema taratibu: "Hongera mwanangu, wali umechambuka punje mojamoja." Nikashukuru kwa moyo wote. Ijumaa nikapika vilevile, tui lilelile. Wifi ndiye aliyenivuta jikoni: "Wewe, si ulikuwa unasemwa!" Imeniuma, maana yule mama nampenda. Nifanyeje niwe nasikia?

Mama_Chumbageni
Marahaba, pole mwanangu. Neno liache, sikiliza sauti. Hongera ya kweli hutoka haraka na hufuatwa na kitu: niongeze kidogo, umetia iliki? Ile nyingine huvutwa, "hongeeera", kisha kimya. Tena angalia sahani yake. Wala usidhani anakuchukia. Huku kumwambia mkwe "umeharibu" mbele ya watu ni kumvunjia heshima, kwa hiyo amekuzungushia. Anayekuchukia hununua kanga, akakupitia mbele ulisome jina la kanga, yale maandishi yake.

Mwalimu_wa_Fasihi
Darasani tunaita kinaya. Neno lina asili ya Kiarabu, na huko ni kusema jambo kwa kuzunguka bila kulitaja lenyewe. Sisi tunalitumia kwa kusema kinyume. Wanafunzi wangu hulichanganya na kejeli kila mwaka, nami kila mwaka nawarudisha palepale: kejeli imekusudia kuuma, kinaya si lazima. Na kinyume hicho huenda pande zote mbili. Kijana akionja pilau akasema "hii hatari" au "noma sana", amesifu. Mtoto mchanga mzuri huitwa "kabaya haka" ili kumkinga na kijicho, na mama yake hufurahi.

Mkwe_wa_Pangani
Asanteni sana. Mama, kuhusu sahani umenikumbusha: siku ile alikula matonge mawili, akaisogeza, akaomba maji. Mimi nikadhani ameshiba. Kesho napika tena.

Mama_Chumbageni
Anza na tui jepesi. Zito tia mwishoni wali ukikaribia kukauka, punguza moto, funika, palia makaa juu. Akikuuliza ukoko uko wapi, hapo amekusifu.