MJADALA: Katheta ya moyo kwa pesa za serikali, nani atangulie?

Jamani, kila bajeti ikisomwa swali hurudi lilelile: kwa wenzetu mtu akipata shambulio la moyo anawekewa stenti (kibomba cha waya kinachofungua mshipa wa moyo ulioziba) kwa katheta, yaani mrija mwembamba, sisi Uganda je? Tangu mpango wa hospitali mpya ya moyo ya vitanda 250 kule Naguru, Kampala, utangazwe, wengi wanadai stenti zipewe fungu la kwanza. Mimi napinga. Kwa watu wazima, tuanze na wale ambao valvu zao, yaani milango ya damu ndani ya moyo, zimebanwa na homa ya baridi yabisi.

Mara nyingi huyo ni mwanamke kijana. Utotoni aliugua koo, halikutibiwa, valvu ikapata makovu bila yeye kujua. Mimba ndiyo humfichua: damu inaongezeka, mlango wa moyo ni mwembamba, maji yanajaa mapafuni. Mwezi wa sita hawezi kulala ila ameegemea mito, na kliniki ya mtaani inamwandikia dawa za pumu. Kwa katheta, daktari anapitisha mrija kwenye mshipa wa kinena hadi moyoni, anatoboa ukuta wa vyumba viwili vya juu, kisha anajaza puto kwenye valvu kwa sekunde chache. Kifua hakipasuliwi, na mama anabaki na valvu yake. Akiwekewa ya chuma atameza warfarini maisha yake yote, dawa ya kuzuia damu isigande inayoweza kumdhuru mtoto tumboni, tena inataka damu ipimwe kila mara. Aliyeko kijijini Kitgum atapimwa wapi? Najua si kila valvu inafaa kwa puto. Inayovuja sana au iliyojaa chokaa inahitaji upasuaji.

Mtasema shambulio la moyo linaua kwa saa chache, valvu inaweza kungoja. Kweli kabisa, na ndiyo sababu yangu. Mshipa ulioziba unatakiwa kufunguliwa ndani ya saa mbili hivi, na Gulu hadi hospitali ya Mulago, Kampala, ni zaidi ya kilomita 300. Huyo anahitaji ECG (kipimo cha umeme wa moyo) na dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda pale pale Gulu, leo. Mwenye valvu iliyobana anaweza kupangiwa tarehe akapanda basi. Tena, kwa wagonjwa wa mishipa ya moyo iliyobana wasio wa dharura, utafiti wa ISCHEMIA wa mwaka 2020, wenye watu zaidi ya 5,000, haukuona stenti au upasuaji vikipunguza vifo kuliko dawa peke yake.

Wanaodai kinga nao nawaunga mkono. Utafiti uliofanyika Gulu kwa watoto 818 wenye dalili za mwanzo za ugonjwa huu wa valvu ulionyesha sindano ya penisilini kila mwezi inazuia ugonjwa kuendelea: kwa miaka miwili uliendelea kwa 0.8% ya waliochomwa, dhidi ya 8.2% ya wasiochomwa. Ila sindano haifungui valvu iliyokwisha kubana.

Basi mnaotaka stenti zitangulie, nijibuni: muswada wa bima ya afya ulipita Bungeni 2021 na Rais hakuutia saini, mkulima wa Arua atalipa nini, na atafikaje Kampala kabla msuli wa moyo haujafa?