Kulisha watoto wadogo kwenye bustani ya michezo bila gharama kubwa

Jamani, tutashinda bustanini na watoto wa mwaka 1 na miaka 3. Chakula cha huko ni ghali. Nibebe nini?

— Kwanza soma masharti. Zipo bustani zinazoruhusu chakula cha watoto tu. Gandisha chupa 2 za maji, uzilaze juu ya chakula, maana ubaridi hushuka. Zikiyeyuka, mnakunywa. Mayai na nyama visikae nje ya ubaridi zaidi ya saa 2. Joto likizidi nyuzi 32, saa 1 tu.

— Zabibu zikate vipande 4 kwa urefu, tafadhali! Zikiwa nzima humkaba mtoto. Na ale ameketi.

— Walishe kabla ya foleni ndefu. Mkinunua, sahani 1 ya mtu mzima huwatosha wote wawili.