Jua halina madoa ama ni binokula yangu?

jirani_wa_kondele: Wasee niko Kisumu, naangusha picha ya jua kwa karatasi nyeupe na binokula, asubuhi kabla mawingu hayajapanda, lakini naona duara safi tu. Na milipuko ya jua nitaiona aje?

angani_nakuru: Binokula iko sawa, jua ndio limetulia. Mzunguko wake wa madoa kuongezeka na kupungua ni kama miaka 11 na ukifika chini siku nyingi hupita bila doa hata moja. Milipuko sahau, kuiona kwa mwanga wa kawaida ni nadra sana, Carrington, mwanaastronomia Mwingereza, aliona mmoja 1859 akichora madoa, bahati yake. Kuiona inataka filta ya haidrojeni-alfa, ile inapitisha mwanga mwekundu wa haidrojeni pekee, na hiyo bei wacha tu.

mama_darubini: Cheki pale ukingoni, saa zingine kuna mabaka meupe hata kama hakuna madoa. Na usichungulie jua ndani ya binokula hata kidogo, macho hayauzwi!